Miaka Kumi na Tano Nikiitwa Restituta

Kabula ng'wanone, mwanangu,

Umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya na umesema hutachelewa, kwa hiyo naandika mbio mbio, na mwandiko wangu unaujua. Habari za chandarua na sabuni siziandiki. Hayo nimekuimbia tangu ukiwa darasa la tano, hujafuata hata moja, na bado ni mzima.

Naandika kwa sababu Jumanne nilisikia.

Nilikuwa nyuma ya nyumba napepeta mchele. Wewe ulikuwa jikoni unasonga ugali, simu umeiweka spika juu ya ndoo kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi. Ikaja sauti ya Mwalimu Masunga. Hata angekuwa anaongea kutoka ndani ya pipa ningeijua. Akakwambia, "Kabula, mtoto mzuri, usimuumize mama yako. Yule anaishi kwa jina la watu. Mimi nikifungua mdomo hana kazi, na pengine polisi nao watataka maelezo." Halafu akacheka kile kicheko chake cha kirafiki. Mwiko ukanyamaza. Nikakusikia unasema, "Nitakuja, mwalimu."

Ukatoka nje ukanikuta na ungo, ukaniambia umeamua kwenda Shinyanga kuchezea chuo cha Mwalimu Masunga na kwamba umefurahi sana. Nikasema sawa. Leo Ijumaa, siku ya tatu nakuangalia ukifurahi. Hujui kuigiza, mama. Hata kuku wameona.

Anachotaka mwalimu nakijua, wala hukuwa na haja ya kunieleza. Matokeo yako ya kidato cha nne hayakuwa mazuri, tulilia wote wawili tukamaliza, na kwa matokeo yale chuo hakiwezi kukupokea. Lakini timu inakuhitaji. Kwa hiyo utapewa jina la mwanafunzi ambaye yupo kwenye daftari na mpira hajui. Utavaa jezi yake, utaitika jina lake, na mwakani "tutaangalia." Mchezaji wa namna hiyo anaitwa mamluki. Mimi najua maneno yote ya kazi hiyo, hata hilo la "tutaangalia."

Umewahi kuniuliza mara mbili kwa nini hapa chuoni kwetu wananiita Restituta wakati kwa bibi yako kule Tinde wananiita Minza. Mara ya kwanza nilikwambia ni jina la ubatizo. Mara ya pili nilikufokea mpaka ukatoka nje. Leo nakujibu.

Niliondoka shuleni nikiwa kidato cha pili, wewe ukiwa tumboni. Wakati ule ukitoka umetoka, hakukuwa na kurudi. Nikaja huku Katoro kwa mama mdogo, na ulipoanza kutembea nikapata kazi ya jikoni chuoni. Chuo kilikuwa kichanga kama wewe. Madarasa mawili, karakana moja ya kuchomelea, na uwanja ambao juzi tu ulikuwa shamba la mihogo. Mchezaji akianguka ulikuwa huna hakika kama amekwatuliwa au ameshikwa na mzizi.

Siku moja timu ya wasichana ilikuwa na mechi na wenzao wa Geita, na wakahesabiana wakajikuta kumi. Mwalimu Masunga, naye kijana wakati ule, akaja jikoni. Nilikuwa naosha masufuria.

"Mama Kabula, wewe si ndiye jana ulimkimbiza mbuzi aliyekula mboga za chuo?"

"Ndiye, mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Ulimkamata?"

"Nilimkamata."

"Vaa hii."

Ilikuwa jezi namba kumi na moja. Akaniambia pale kwenye fomu kuna msichana anaitwa Restituta Bundala. Alijiandikisha ushonaji, akasoma mwezi mmoja, akaolewa Kahama. Jina limebaki. "Ukiitwa Restituta, itika. Ni kwa leo tu."

Nilicheza na yeboyebo, zikanikatikia, nikamaliza peku. Nilifunga goli moja ambalo mpaka leo sijui lilipitaje. Watu wakaanza kupiga kelele, "Resti! Resti!" Kabula, tangu nitoke shuleni hakuna mtu aliyewahi kunishangilia kwa lolote. Nilikuwa na miaka ishirini. Nikageuka nyuma kuangalia wanamshangilia nani.

Hapo ndipo nilipoingia. Sitaki nikudanganye kwamba nilisukumwa. Nilipenda. Nilirudi jikoni na matope miguuni na sikuyaosha haraka.

Ile leo tu ikawa msimu mzima. Halafu ikaja nafasi ya kozi ya ukocha Mwanza, wiki mbili, na mwalimu hakutaka kwenda. Akanituma mimi, maana karatasini mimi ni mwanafunzi Restituta Bundala. Cheti kikatoka. Picha ni yangu, sikio hili la kushoto lililokatika kidogo linaonekana kabisa. Jina ni la mke wa mtu Kahama. Nikarudi Katoro nikiwa kocha, kocha wa kwanza wa wasichana pale chuoni, wa mpira wa miguu na wa kikapu pia. Nilimwambia mkuu wa wakati ule kwamba kikapu sikukisomea. Akasema, "Kocha, mpira ni mpira. Ule unapigwa kwa mguu, huu kwa mkono."

Nikuhadithie ya kikapu kidogo, maana ndiyo yalikuwa raha yangu na sijui kama nitapata wa kumhadithia tena.

Vijana wa karakana walituchomelea magoli mawili, ila walipima kwa macho. Goli la upande wa jikoni likawa chini kuliko la upande wa barabara kwa shubiri nzima. Wasichana wangu wakajifunza kurusha kwa namna mbili, kutegemea wanaelekea wapi. Na kudunda mpira tulishindwa. Ule udongo wetu mwekundu una mawe, ukidunda mpira hapa unatokea kule. Basi nikasema tusidunde. Nikakumbuka kikundi cha kulima cha babu yangu kule Tinde, wale waliokuwa wanalima mashamba ya watu kwa ngoma, jembe linarushwa juu linazunguka na mtu analidaka bila kulitazama huku mguu unafuata pigo. Nikachukua majembe ya chuo. Siku ya kwanza Modesta akapigwa na jembe kwenye kidole gumba, mkuu akakataza chuma, tukabaki na mipini. Kila asubuhi wasichana kumi wanarushiana mipini, mmoja anapiga debe, mimi naimba. Wachimbaji waliokuwa wanapita kwenda kwenye maduara yao, yale mashimo ya dhahabu, walikuwa wanasimama. "Kocha, hiyo timu ya kikapu au ya mihogo?"

Tulipopelekwa Mwadui mara ya kwanza ndipo tulipoona uwanja wa sementi. Msichana wetu wa kwanza akaudundisha mpira kama alivyozoea kuugongesha kwa nguvu nyumbani ili uinuke hata kidogo. Ukampita kichwani. Wenyeji walicheka mpaka wakakaa chini. Nikaita mapumziko, nikawaambia, "Nyie sakafu hii si ya kwenu, iacheni. Fanyeni mipini." Hawakudunda tena. Mpira ukawa unazunguka hewani, mkono kwa mkono, wale wa Mwadui wanageuza shingo kushoto na kulia kama wanaofukuza nyuki. Tulifungwa, lakini kwa goli mbili tu, na kocha wao alikuja kuniuliza mazoezi yale nimeyapata kwenye kitabu gani.

Nilitaka kumwambia, yametoka kwa babu yangu, Jilala, wa Tinde. Mdomo ukafunguka. Nikakumbuka mimi ni binti Bundala. Nikasema, "Ni vitu vya kozi tu."

Hicho ndicho kilichoanza kunibana, mwanangu, na hakikuniachia. Mwaka tuliobeba kombe la vyuo walikuja watu wa timu ya mkoa. "Kocha, tunakutaka benchi la mkoa. Lete cheti cha kidato cha nne na kitambulisho." Nikawaambia mama yangu anaumwa Tinde. Bibi yako alikuwa mzima, yuko shambani anapalilia. Mwaka mwingine shule moja ya wasichana ikanitaka, na nyumba ya kukaa, ya bati na umeme. Nikasema mtoto wangu bado mdogo. Nilikusingizia wewe, darasa la sita, unabeba ndoo ya lita ishirini huku unaongea. Ulikuwa unaniuliza kwa nini wenzetu wanahama na sisi tumekaa tu hapa kwenye vumbi. Ndiyo hiyo sababu.

Watu wakaanza kusema Kocha Resti hapendi makuu. Ikawa sifa. Siku moja kanisani nikatajwa kuwa mfano wa unyenyekevu, mbele ya watu wote, na wewe ukanifinya kwa furaha. Nilikaa pale kwenye benchi natamani sakafu ipasuke.

Kwa hiyo kadiri nilivyokuwa najua kazi, ndivyo nafasi ya kugeuka ilivyopungua. Kocha anayefungwa kila siku hakuna anayemuuliza cheti. Tukishinda, wewe ulikuwa unaniona nalia ukadhani ni furaha. Nilikuwa nahesabu nani anaweza kuja kunitafuta safari hii.

Mwalimu Masunga hakuwahi kunitisha kwa ukali. Hata alipohamia Shinyanga alikuwa anapiga simu sikukuu zote. "Habari za siku, Restituta?" Halafu anacheka, halafu anaomba kitu. Nimpe mchezaji huyu. Nisimpange yule tukikutana. Nikawa kama mchimbaji aliyeshushwa kwenye duara refu. Huwezi kugombana na aliyeshika kamba juu, unamsalimia vizuri tu.

Sasa nifike kwenye lile ninaloliogopa.

Leticia unamjua. Ni yule Mama Juma wa nyanya, karibu na mnara wa simu, anayekaa mguu mmoja ameunyoosha. Hukuwahi kuniuliza ule mguu, nami sikukwambia. Leticia alikuwa anabeba mawe kwenye karasha, wanaposaga mawe ya dhahabu. Miaka kumi na nane, ana mapafu ya farasi. Nikamwona siku moja anashindana na bodaboda mlimani huku ana kiroba kichwani. Na timu yangu ilikuwa nusu fainali, kiungo wangu Anastazia ana malaria.

Nikamwambia Leticia, "Ukiitwa Anastazia, itika. Ni kwa mechi moja." Maneno yale yale. Hata kicheko kile cha kirafiki nilikitoa, sikujua kama ninacho.

Dakika ya sitini goti likageuka. Nilisikia nikiwa benchi. Tukampeleka hospitali na kadi ya bima ya Anastazia, nikiwa nimeificha picha kwa kidole. Tukakaa kwenye foleni. Nesi akatoka na karatasi, akaita, "Anastazia!" Kimya. "Anastazia Paulo!" Leticia yuko palepale mbele yake, amelala kwenye benchi ameng'ata khanga, haitiki. Maumivu yamemrudisha kwenye jina lake, ameshasahau la mwenzake.

Nesi akanigeukia. "Kocha, huyu ni mgonjwa wako au siye?"

Nikasema, "Ni yeye, nesi. Amechanganyikiwa na maumivu."

Leticia akafungua macho akanitazama.

Daktari akasema goti linataka kwenda Mwanza, na kadi itakaguliwa. Hapo ndipo nilipofanya ubaya wangu mkubwa. Ningesema tu palepale, huyu anaitwa Leticia, mnisamehe, mtibuni. Nikaona nikivuta uzi huo utakuja mpaka kwangu, Restituta atafumuka mzima. Nikamwambia daktari tutarudi kesho na ndugu zake. Nikambeba kwa bodaboda, mimi nyuma nimemshika, mpaka kwa mzee mmoja anayeunga mifupa. Yule mzee alijitahidi, kosa si lake. Goti likaunga vibaya. Mama yake alipokuja kutoka Sengerema nilimwambia binti aliteleza akikimbia mazoezini. Akanishukuru kwa kumuuguza. Akaniachia kuku.

Kila nikipita sokoni Leticia ananiambia, "Shikamoo, kocha. Chukua hizi, hizo nyingine zimebonyea." Laiti angenitukana.

Kuna jambo la kazi nikwambie, halimo kwenye kozi yoyote. Mimi mamluki namjua uwanjani hata akiwa wa timu nyingine. Mwenzake akimwita, anachelewa kugeuka. Kidogo sana, kama kukonyeza. Anasikia jina, anakumbuka kwamba ndiye yeye, ndipo anageuka. Wachezaji wazuri nimewaona wanakuwa wa kawaida kwa sababu ya hako kadakika. Mimi mwenyewe miaka kumi na tano nachelewa. Na wewe, Kabula, uzuri wako wote uko kwenye kugeuka. Mpira haujafika wewe umeshageuka, tangu ukiwa mdogo unacheza na soksi zilizofungwa. Sikukufundisha hilo. Hilo ulikuja nalo.

Nimekaa nalo Jumatano. Nimekaa nalo Alhamisi. Nilikuwa natafuta namna ya kukukataza, na kila maneno niliyoyapata yalikuwa ya mtu anayejificha. Ningekwambiaje usiende, na wewe unakwenda kunificha mimi?

Basi leo asubuhi, nilipokwambia nakwenda kurudisha koni za mazoezi, nilikwenda kwa Madam Mkuu wa chuo.

Akasema, "Kaa, Restituta."

Nikabaki nimesimama. "Madam, siyo Restituta. Naitwa Minza Jilala."

Akavua miwani. Nikamweleza yote, mbuzi, jezi, kozi, cheti. Ya Leticia pia. Nilisema harakaharaka kama mtoto anayetapika. Akaniuliza,

"Restituta mwenyewe yuko wapi?"

"Kahama. Nasikia ana watoto watano."

"Anajua kwamba ni kocha?"

Nikacheka, Kabula. Naye akacheka. Halafu tukaacha kwa pamoja, ikawa vibaya zaidi.

Akasema, "Kwa nini unaniletea hili wiki yenye mashindano?"

"Kwa sababu kesho mwanangu anaondoka."

Hakuelewa, nami sikumfafanulia. Akaniambia niache funguo za stoo. Nikaziweka mezani. Jumatatu niende na maelezo kwa maandishi. Akasema hajui itaishia wapi, kwamba yapo mambo yaliyo juu ya uwezo wake, na hatanidanganya kwa kunipa moyo. Nilifika mlangoni nikarudi. "Jumapili namba nne msimpange kulia, mguu wake wa kushoto ndio wenye nguvu, wa kulia unamuuma na hasemi." Akachukua kalamu akaandika.

Nilipotoka nikampigia Mwalimu Masunga. Mara ya kwanza nilikosea namba.

"Shikamoo, mwalimu. Nimeshasema."

"Umesema nini?"

"Jina langu."

Kwa mara ya kwanza sikusikia kicheko. Kisha akasema, "Minza, umeharibu."

Nikamwambia, "Kumbe unalijua." Nikakata.

Sikukata kwa ushujaa. Nilitafuta pa kukaa, nikakaa kwenye tofali nje ya karakana, na wanafunzi wakawa wanapita, "Shikamoo kocha, shikamoo kocha," na mimi naitika marahaba kwa kitu ambacho si changu tena. Nikapita sokoni. Nilimwambia Leticia kwamba nataka kuandika habari yake kwenye yale maelezo ya Jumatatu. Akapanga nyanya zake kwanza, mafungu matatu. Akasema, "Andika yako, kocha. Jina langu usiliandike mpaka nikuambie. Mara hii utaniuliza." Nimekubali. Namngoja yeye.

Sasa, mwanangu. Mwalimu Masunga hana cha kukushikia. Kama Jumanne ulisema "nitakuja" kwa ajili yangu, hilo neno limekwisha, umelilipia bure, nisamehe. Mimi likinipata la kunipata litanipata nikiwa Minza. Naogopa, siwezi kuandika kwamba siogopi. Usingizi sina. Lakini mchana wa leo nilikula sahani nzima ya wali, jambo ambalo sijafanya tangu Jumanne, na nilipoona sahani iko tupu nikashangaa mwenyewe.

Bado kuna wewe. Najua kwamba huendi kwa ajili yangu peke yangu. Nilikuona ulivyoishika ile jezi mpya aliyokutumia. Shinyanga kuna uwanja wa majani, kuna timu, kuna watu watakaokushangilia, na mimi ndiye wa mwisho wa kukwambia kushangiliwa si kitu. Najua kulivyo kutamu. Kulinichukua miaka kumi na tano.

Tinde nimempigia bibi yako. Pale shule ya sekondari wanapokea wanaorudia mtihani, na siku hizi hata waliozaa wanarudishwa darasani, sio kama enzi yangu. Ukishukia Tinde, mwaka mzima hakuna timu. Sikufichi. Utacheza na vijana wa kuchunga ng'ombe, kwenye majani ya miiba, na jioni miguu itakuwasha usipate pa kuipeleka. Na hesabu hazijabadilika tabia, zitakusumbua vilevile. Ila ukipata, utaingia chuo kwa mlango wa mbele, na mwenzio akikuita uwanjani hutakuwa na la kukumbuka. Nami nikitoka salama kwenye haya ya Jumatatu, nitakufuata. Nilimuuliza bibi yako kama wanapokea na wazee wa miaka thelathini na tano. Akasema, "Njoo mkae dawati moja, nione nani atamwangalizia mwenzake." Usicheke. Kiingereza changu cha kidato cha pili bado kipo kidogo.

Sikukatazi Shinyanga. Kama ni kukukataza ningetakiwa niwe nimeanza na mimi mwenyewe, siku ile ya masufuria. Wewe una miaka kumi na nane na kichwa chako kizuri kuliko changu. Ninachotaka ni kimoja, kwamba uchague ukiwa unajua, na usichague kwa kunihurumia.

Nakusikia njiani, unacheka na mtoto wa Mama Suzi. Barua hii nitaiweka juu ya begi lako. Isome, ulale nayo, usinijibu kama hutaki.

Kesho asubuhi begi nitalibeba mimi mpaka stendi. Basi ni lile lile moja, linapita Kahama, linapita Tinde, linaishia Shinyanga. Kondakta akishakuuliza, "Dada, unashukia wapi?" mimi nitanyamaza. Nitasimama hapo pembeni na begi lako nikusikie ukimjibu.

Mama yako